Chapati ilifikaje Krismasi?

Muulize mtoto wa Kenya bara Krismasi inanukia vipi. Hatakutajia mti wala keki. Atakutajia mafuta yaliyochemka na unga wa ngano unaoungua kidogo juu ya chuma. Kwetu Nakuru, Desemba 24 haikuwa na jina lingine ila siku ya chapati, na mtoto aliyeweza kusimama bila kushikwa alikuwa na kazi. Wadogo walichunga unga. Wa kati walihesabu madonge, maana pakiti ya kilo 2 hutoa chapati 20 hivi na wageni hawajulikani idadi. Wakubwa walisukuma, kwa kifimbo au kwa chupa ya soda iliyooshwa.

Krismasi iliyopita mjomba mmoja, akiwa na chapati ya nne mkononi, alitangaza kwamba hiki si chakula chetu, ni cha Wahindi. Binti yangu wa miaka 7 akauliza, “Kwani sisi tulipewa lini?” Watu wazima wakacheka. Mimi sikucheka sana, kwa sababu ni swali zuri la historia.

Jibu la haraka ambalo kila mtu analo ni reli. Ni jibu la kweli, lakini nusu. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta vibarua zaidi ya 31,000 kutoka India, wengi wao wa Punjab, kujenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria. Karibu 2,500 walikufa. Karibu 6,700 walibaki baada ya kazi kwisha. Wapunjabi ni watu wa ngano, na chakula chao kililetwa kwa meli, A. M. Jeevanjee, yule ambaye bustani ya katikati ya Nairobi ina jina lake, alikuwa na kandarasi ya kuwalisha. Nyuma ya reli zikafuata duka. Allidina Visram, mfanyabiashara aliyetoka Kutch, alifungua maduka mengi kutoka pwani hadi Uganda. Kwa hiyo ndiyo, chapati ilipanda gari moshi. (Watu wa Mombasa na Lamu wataguna hapa, na wana haki. Wao walikuwa wakifanya biashara na Gujarati karne nyingi kabla ya reli kuwazwa, na hawahitaji mtu wa bara kuwaeleza chapati za kusukuma na za maji zinatofautianaje.)

Lakini chapati bila ngano ni hadithi tu, na ngano yetu ina historia nyingine kabisa. Mwaka 1903 Lord Delamere alipata kutoka kwa serikali ya kikoloni ekari 100,000 huko Njoro, katika Bonde la Ufa ambamo Wamaasai walilisha mifugo. Mwaka uliofuata mkataba uliwahamisha Wamaasai kutoka sehemu kubwa ya bonde hilo. Kondoo wa Delamere walikufa, ng'ombe wakaugua, akageukia ngano. Ngano nayo ikashikwa na kutu, ule ugonjwa wa ukungu unaoacha shina likiwa na vumbi la rangi ya matofali. Akaleta mtaalamu wa kuzalisha mbegu, akajaribu tena, na mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya kusaga, Unga Limited. Utafiti wa mbegu za ngano unaendelea Njoro hadi leo, na ngano za dunia nzima hupelekwa huko kupimwa kama zinaweza kuhimili kutu.

Sasa tazama jinsi mambo yalivyopangwa. Nyanda za juu zilitengewa Wazungu; Mhindi hakuruhusiwa kumiliki shamba huko. Aliyejua chapati akabaki mjini nyuma ya kaunta ya duka. Aliyekuwa na ngano alioka mkate wake wa boflo. Na aliyelima, akapalilia, akavuna na kubeba magunia ya ngano hiyo alilipwa mshahara mdogo na posho ya unga wa mahindi.

Mmoja wao alikuwa guka yangu. Alizaliwa kwenye shamba la mzungu upande wa Njoro, na tangu utotoni kazi yake ilikuwa kufukuza ndege kwenye ngano. Aliijua ngano kwa vidole: lini punje imekomaa, lini mvua itailaza. Alipokuwa kijana alikuwa hajawahi kuionja. Ngano ilitoka shambani kwa gunia, ikaenda kinuni, ikarudi dukani ikiwa nyeupe na ghali.

Aliyeiingiza nyumbani ni shosho, baada ya uhuru. Alijifunza kwa mpishi wa hoteli moja ndogo mjini Nakuru, ambaye naye alijifunza akifanya kazi jikoni kwa Wahindi. Nadhani nyumba nyingi zina mlolongo kama huo, wa boi, yaya na wapishi wa hoteli, watu ambao hakuna kitabu kilichoandika majina yao. Na njiani chapati ikabadilika. Roti ya Punjab ni nyembamba, ya unga usiokobolewa, mara nyingi bila mafuta. Ya kwetu ni ya unga mweupe, imepakwa mafuta, ikaviringishwa kama konokono na kusukumwa tena ili itoke tabaka tabaka. Inafanana zaidi na paratha. Wengine huweka malenge kwenye unga, jambo ambalo silipingi ila sitalifanya.

Kwa nini Krismasi? Kwa sababu ya bei, na kwa sababu ya mikono. Unga, mafuta na makaa ya chapati 60 si vitu vya Jumanne. Na mwanamke mmoja hawezi kuzisukuma peke yake baada ya kazi ya shamba. Desemba shule zimefungwa, watoto wako nyumbani, waliohamia Nairobi wamerudi na pakiti za unga kwenye mabegi. Ndiyo maana watoto walipewa kazi. Haikuwa michezo, ingawa donge la mwisho lilikuwa la mdogo kuliko wote, alisukume anavyotaka, na litoke umbo la ramani ya Afrika.

Siku hizi sehemu kubwa ya ngano tunayokula inatoka nje. Vita vya Ukraine vilipoanza 2022, bei ya unga ilipanda hadi kijijini kwetu, na mwaka ule mama alihesabu madonge mara mbili.

Binti yangu nilimjibu hivi: hatukupewa. Guka wa mama yako aliilima, shosho akaenda kuitafuta. Akafikiri kidogo, akauliza kama guka alipoionja mara ya kwanza aliipenda. Kwa mujibu wa shosho, alikula 6, akauliza kwa nini haina chumvi ya kutosha.