Kasi Si Shida, Shida ni Pa Kuiweka

Wasee, leo tunaongea kuhusu bawaba. Eeh, bawaba, kama ile ya mlango. Najua wengi mlikuja hapa mkitarajia nimchambue mtu, lakini nipeni dakika tano. Hii ni stori ya mashua iliyokuwa na mbio kushinda nyingi za saizi yake, na bado watu wa kawaida hawangeweza kuwa nayo, mpaka mtu mmoja akajiuliza swali la kimtaa kabisa: hii kitu nitaipaki wapi?

Mashua yenyewe inaitwa F-27. Ilitoka mwaka 1985, Chula Vista, California, kwa kampuni iliyoitwa Corsair Marine. Ni trimarani, yaani ina miili mitatu: mmoja mkubwa katikati ambao watu wanakaa na kulala ndani, na miwili myembamba pembeni ya kuizuia isilale. Urefu wake ni mita 8.2 hivi. Si meli ya tajiri. Ni ndogo, lakini familia inaweza kutoka nayo wikendi nzima, ipike na ilale humo humo.

Sasa, kwa nini ina mbio? Hapa ndipo watu husema "upepo" halafu wanaishia hapo. Upepo ni ule ule kwa kila mtu. Siri ni uzito.

Mashua ya kawaida ya matanga ina mwili mmoja. Upepo ukiipiga ubavuni inataka kuanguka, kwa hivyo mafundi wanaweka madini ya risasi chini kwenye mkuku, iwe kama yule mdoli ambaye ukimsukuma anasimama tena. Chukua Catalina 27, mashua maarufu sana Marekani iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1970 na ambayo ina urefu karibu sawa na F-27. Ina uzito wa kilo 3,100 hivi, na kama kilo 1,200 kati ya hizo ni mzigo wa mkuku tu. Halafu cheki F-27: mashua yote, na miili yake mitatu, ni karibu kilo 1,200. Yaani uzito ambao mwenzake anabeba ili asianguke ndio uzito wake wote.

Na kuna shida ya pili. Mashua nzito ikisukumwa inatengeneza wimbi lake yenyewe, halafu inakwama katikati ya wimbi hilo kama gari lililozama kwenye matope. Kwa urefu wa mita 8, unakwama kwenye kilomita 13 kwa saa hivi. Miili myembamba na myepesi haikwami hivyo, inakata maji na kupita. Upepo ukiwa mzuri, F-27 inapita kilomita 30 kwa saa bila tone la mafuta.

Msifikirie hii akili ilianza 1985. Mwaka 1876 Marekani ilikuwa inasherehekea miaka 100 ya uhuru, na New York kukawa na mashindano ya mashua. Kijana wa miaka 28, Nathanael Herreshoff wa Bristol, Rhode Island, akaleta mashua yenye miili miwili inaitwa Amaryllis, urefu wa mita 7.6 hivi. Aliwapiga wote, na si kwa bahati. Unadhani walimpigia makofi? Walienda kulalamika kwamba hiyo haikuwa mashua halali. Zawadi wakamnyima, na mashua za aina hiyo zikafungiwa nje ya mashindano. Herreshoff akarudi kuunda mashua za mwili mmoja, na kuanzia 1893 hadi 1920 mashua zake ndizo zilizolinda kombe la America's Cup. Kipaji kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni kwamba sasa alikuwa anacheza ndani ya sheria za wenye vilabu.

Wengi wakisimulia hii historia wanaishia hapo: matajiri walizuia, mwisho. Mimi naona ni nusu ya stori. Klabu inaweza kukunyima kikombe, lakini haiwezi kukuzuia kuunda mashua nyuma ya nyumba yako. Na watu waliziunda. Mwaka 1960 Mmarekani Arthur Piver alivuka Atlantiki kwa trimarani ya mbao za plaiwudi, akawa anauza ramani zake ili yeyote mwenye msumeno na gundi ajiundie yake. Mwishoni mwa miaka hiyo Hobie Alter, fundi wa mbao za kuteleza mawimbini huko California, akatoa mashua ndogo ya miili miwili ambayo unaisukuma tu kutoka ufuoni. Ikawa maarufu kote duniani.

Kwa hivyo kufikia 1970 kasi ilikuwepo, na bei si lazima ikuue. Lakini angalia pengo. Ile ya Hobie hulali ndani, ni ya kucheza ufuoni. Ile ya kulala ndani ni pana mno. F-27 ikiwa imefunguka ina upana wa mita 5.8. Hiyo ni zaidi ya urefu wa matatu ya watu 14! Bandarini unachukua nafasi ya mashua mbili na unaweza kulipishwa hivyo. Nyumbani haipiti kwa geti. Barabarani haiwezekani kabisa.

Ndio Ian Farrier akaingia. Alizaliwa New Zealand mwaka 1947, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaanza kuhangaika na mikono inayounganisha ile miili mitatu. Akaiwekea bawaba, nguzo juu na nguzo chini, ili miili ya pembeni ijikunje kuelekea ule wa katikati, hata mashua ikiwa majini. Alianza na mashua ndogo zaidi, akaenda Australia, kisha Marekani, ambako John Walton, mtoto wa yule mwanzilishi wa Walmart, alianzisha Corsair mwaka 1984 ili kutengeneza hizo mashua. F-27 ikikunjwa inabaki na upana wa mita 2.6, upana unaoruhusiwa barabarani bila kibali maalum. Unaivuta kwa treila nyuma ya gari, unaipaki nyumbani. Zaidi ya 400 zilitengenezwa.

Sisemi haina kasoro. Mashua yenye risasi ikipinduka inainuka. Trimarani ikipinduka inabaki juu chini. Haizami, sawa, lakini wewe uko juu ya tumbo lake ukingoja kuokolewa. Wepesi una bei yake, na anayekuuzia bila kukuambia hivyo ni mwongo.

Mimi si mhandisi. Chuo niliacha, na haya yote nimeyafuata kwa bando langu mwenyewe. Ila nikisoma historia ya teknolojia naona tunapenda sana kuhesabu nani alivumbua nini, na tunasahau kuuliza nani alikuwa na mahali pa kukiweka. Bawaba ya Farrier haikuongeza mbio hata kidogo. Iliongeza idadi ya watu wanaoweza kuzifikia.

Sasa tuje kwetu, kwa sababu mashua ya mbio yenye mikono pembeni si kitu kigeni hapa. Nenda Msambweni au Diani uone ngalawa. Shina la mwembe limechongwa, miti miwili imekatiza juu, mirengu iko pembeni kushoto na kulia, na tanga ni la pembetatu. Haina risasi chini. Inasimama kwa upana wake, kama F-27. Wanahistoria wengi wanaihusisha na mabaharia waliotoka Asia ya Kusini-Mashariki zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, wale wale ambao lugha yao ndiyo mzazi wa Kimalagasi cha Madagaska, ndugu ya lugha za Borneo. Wazee wetu wa pwani walikuwa na hii fizikia kabla New York haijawa na klabu ya kumfungia mtu.

Na ngalawa haihitaji bawaba. Unajua kwa nini? Kwa sababu gereji yake ni mchanga. Mvuvi akirudi anaivuta ufuoni, anaiacha, anaenda nyumbani. Usanifu wake wote unategemea kitu kimoja: ufuo ulio wazi.

Ndio maana hizi habari za njia za wavuvi kuzibwa na kuta za viwanja na hoteli zinaniuma kuliko habari yoyote ya "utamaduni wetu unapotea." Utamaduni haupotei hewani. Fundi bado anajua kuchonga, na nahodha bado anajua kusoma kusi na kaskazi. Lakini ukimfungia mvuvi mita 20 za mchanga, umemfanyia kile upana wa mita 5.8 ulimfanyia yule Mmarekani wa 1970. Tofauti ni kwamba Mmarekani aliokolewa na fundi mwenye bawaba. Ukuta wa plot hauna bawaba ya kukunja.

Kila mwaka tunaona wageni wakipost ngalawa kwa picha za machweo, na sisi tuna-like. Sina shida na picha. Ila kama uko Pwani unasoma hii, nataka kujua kitu kimoja: kwenu njia ya kufika baharini bado iko, ama mnazunguka? Andika jina la mtaa hapo chini. Nataka tuzihesabu.