Takwimu za kibayolojia: Taaluma inayopima ukweli wa tiba

WENGI walisikiapo neno takwimu hufikiria sensa ya watu au hesabu za uchumi. Hata hivyo, lipo tawi la taaluma hiyo linalohusu afya, mimea na mifugo, nalo huitwa takwimu za kibayolojia.

Mfano mzuri unapatikana Kisumu. Kati ya 2002 na 2006, watafiti walichunguza iwapo tohara ya wanaume hupunguza maambukizi ya virusi vya Ukimwi. Vijana 2,784 wenye umri wa miaka 18 hadi 24 waligawanywa kwa njia ya kura. Kundi moja likapewa tohara mara moja na jingine likasubiri.

Kura hiyo ndiyo msingi wa kazi yote. Lau kila kijana angejichagulia kundi, huenda wanaojali afya zaidi wangejazana upande mmoja, na isingejulikana kama tofauti ya matokeo imetokana na tohara au na tabia.

Katika kundi la tohara, vijana 22 waliambukizwa, ikilinganishwa na 47 waliokuwa wakisubiri. Ni jukumu la mtakwimu kupima iwapo pengo kama hilo laweza kutokea kwa bahati tu. Mnamo Desemba 2006, kamati huru iliyokagua data iliona kwamba ushahidi umetosha. Utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake na waliosubiri wakapewa nafasi ya kutahiriwa.

Uamuzi wa aina hiyo ni mzito. Kuendelea kungewanyima vijana kinga iliyokwisha kuthibitishwa, ijapokuwa si kamili. Kusimama mapema mno nako kungeweza kuzaa hitimisho la uongo.

Anayetamani kazi hii sharti awe na msingi imara katika Hisabati na Bayolojia. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta hutoa shahada ya kwanza ya takwimu za kibayolojia. Aidha, mwanafunzi hana budi kujifunza kuandika programu za kompyuta. R, inayotumiwa sana na watakwimu, hupatikana bila malipo.

Wataalamu hawa huhitajika katika taasisi kama vile KEMRI inayotafiti tiba, KALRO ya kilimo na ILRI ya mifugo.

Zaidi ya hesabu, mtakwimu huhitaji uadilifu: kutangaza kilichoonyeshwa na data, hata kisipompendeza mfadhili.