Mtawala Aliyeondoka na Hukumu ya Vita

Zamani za wafalme, mtawala hakuwa na hakimu ila Mungu na adui aliyemshinda vitani. Raia aliyeua mtu mmoja alisimamishwa mbele ya kadhi. Sultani aliyepeleka maelfu kufa kwa tamaa yake aliimbiwa sifa. Desturi hiyo ilitikiswa tarehe 1 Oktoba 1946, katika mji wa Nuremberg, Ujerumani, mahakama ya mataifa manne yaliyoshinda ilipokamilisha hukumu yake juu ya wakuu wa utawala wa Hitler. Mahakama ile ilikata kwamba kuanzisha vita vya uchokozi ni jinai, na ya kuwa jinai hiyo hutendwa na watu, si na kitu kisicho mwili kiitwacho dola. Walakini mahakimu wote walitoka upande wa washindi, na tangu siku ile swali limebaki: je, sheria hiyo ni ya walioshindwa peke yao?

Mwaka 2016 swali hilo lilipata majibu mawili katika muda usiotimia siku arobaini. Tarehe 30 Mei, mjini Dakar, Hissène Habré, aliyekuwa Rais wa Chad, alihukumiwa kifungo cha maisha. Tarehe 6 Julai, mjini London, Sir John Chilcot alitoa taarifa yake juu ya vita vya Iraki vya mwaka 2003. Katika taarifa hiyo serikali ya Tony Blair, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, ililaumiwa sana, lakini hakuna aliyeshtakiwa. Mwenye haraka atasema kwamba tofauti yao ni ya unyonge na nguvu tu. Ipo kweli katika neno hilo, lakini si kweli yote.

Habré alitawala Chad tangu 1982 hata 1990. Chombo chake cha kutisha kilikuwa idara ya upelelezi iliyojulikana kwa herufi DDS, ambayo iliwajibika kwake mwenyewe. Mjini N'Djamena idara hiyo iligeuza bwawa la kuogelea kuwa gereza la chini ya ardhi. Tume iliyoundwa nchini humo baada ya kuanguka kwake ilikisia kuwa watu 40,000 waliangamia. Mwaka 2001 maelfu ya hati za idara hiyo yalipatikana katika jengo lake lililotupwa, nazo zilionyesha kwamba habari za wafungwa zilimfikia Rais. Marekani na Ufaransa zilikuwa zimemtegemeza kwa kuwa alikuwa ngao dhidi ya Libya. Kwa hiyo walionusurika walipiga hodi milango mingi kabla ya kusikilizwa na mahakama maalumu iliyoundwa na Senegali pamoja na Umoja wa Afrika. Lakini milango ilipofunguka, sheria haikuwa na shaka: kutesa na kuua raia ni jinai, awaye yote aliyeamuru.

Jambo la Iraki ni gumu zaidi, kwa kuwa shina lake ni habari za siri na namna zilivyotumiwa. Tarehe 24 Septemba 2002 serikali ya Blair ilichapisha kitabu kidogo kilichodai kwamba Iraki ina silaha za sumu na za vijidudu, na kwamba baadhi yake zingeweza kuwa tayari katika dakika 45 baada ya amri. Katika idara za upelelezi habari hizo zilikuwa na masharti na mashaka; katika kitabu mashaka yalipungua na yakini ikazidi. Tarehe 7 Machi 2003 Mwanasheria Mkuu, Lord Goldsmith, alimwandikia Waziri Mkuu kwamba njia ya salama kisheria ni kupata azimio jingine la Baraza la Usalama, ingawa hoja ya kuridhisha ingeweza kujengwa pasipo azimio hilo. Siku kumi baadaye jibu fupi lilitolewa hadharani, wala halikuwa na mashaka hayo. Elizabeth Wilmshurst, naibu wa mshauri wa sheria katika Wizara ya Mambo ya Nje, alijiuzulu kwa kuwa hakuweza kukubali kuwa vita vile ni halali. Tarehe 18 Machi Bunge la Makabwela liliidhinisha vita kwa kura 412 dhidi ya 149.

Silaha zilizosemwa hazikuonekana. Askari 179 wa Uingereza walikufa, na taarifa ya Chilcot ilitaja Wairaki wasiopungua 150,000 waliokufa hata kufikia Julai 2009, wengi wao raia. Baada ya kazi ya miaka saba na majuzuu 12, ilikata kwamba njia za amani hazikuwa zimekwisha, na kwamba hatari ya Iraki ilielezwa kwa yakini isiyostahili. Juu ya uhalali wa vita haikutoa hukumu, kwa sababu haikuwa mahakama. Blair alisema kwamba anabeba dhima na anasikitika, lakini alitenda kwa nia njema.

Wanaopinga mashtaka wana hoja nzito. Husema kwamba mtawala huamua gizani, wala hawezi kungoja mapambazuko. Kwamba akiogopa kizimba ataacha kulinda nchi, na makatibu wake wataogopa kuandika. Na kwamba kila serikali mpya itawafunga waliotangulia na kuita kisasi chake haki. Hoja hizi zinatosha kumkinga mtawala aliyekosea. Hazitoshi kumkinga aliyeficha. Habari za upelelezi ni dhana kwa asili yake, na hakuna anayepaswa kufungwa kwa kuwa dhana yake haikutimia. Bali anayejua kuwa ana dhana, akaitangaza kama yakini ili watu wakubali kufa na kuua, amevuka mpaka wa kukosea. Kama Blair aliuvuka mpaka huo au hakuuvuka, ni neno la ushahidi na kiapo; wampendao na wamchukiao hawawezi kulikata.

Ila hapakuwa na mahakama ya kulikata. Mwaka 2006 mahakimu wa House of Lords walisema kwamba uchokozi ni jinai katika sheria ya mataifa, lakini si jinai katika sheria ya Uingereza. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya London ilifuata neno hilo, ikakataa ombi la jenerali mmoja wa Iraki aliyetaka Blair ashtakiwe. Hivyo nchi iliyoketi juu ya kiti cha hakimu kule Nuremberg haikuwa imeiingiza nyumbani sheria iliyowahukumia wengine.

Afrika ya Mashariki ina sehemu yake katika habari hii. Ilikuwa Kampala, mwezi Juni 2010, ambapo wajumbe wa mataifa walikubaliana juu ya maana ya jinai ya uchokozi katika mkataba wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Mamlaka hayo yalianza kutumika tarehe 17 Julai 2018. Hayarudi nyuma kufikia 2003, wala, pasipo agizo la Baraza la Usalama, hayamgusi raia wa dola iliyo nje ya mkataba. Kwa hiyo wavu umefumwa, ila matundu yake yangali yanapitisha papa na kunasa dagaa.

Basi kumshtaki mtawala aliyeondoka si lazima kila vita viendapo kombo. Lililo lazima ni kwamba kuondoka madarakani kusiwe ndiko kinga, na nguvu ya dola isiwe ndiyo hoja ya utetezi. Taarifa ya Chilcot iliwapa wafiwa ukweli mwingi. Wajane wa Chad walipewa ukweli, wakapewa na hukumu. Wajane wa Basra hawakupewa mahali pa kuuliza.