Tifoide ao malaria? Kile wanafunzi wa udaktari wanachojifunza labo

Homa ikipanda Lubumbashi, wengi wanasema mara moja: ni malaria, ao ni tifoide. Lakini homa za magonjwa mengi zinafanana. Ndiyo maana wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) wanasoma mikrobiolojia, yaani elimu ya mikrobe, pamoja na kazi ya labo.

Darasani na kwenye TP

Nadharia inafuatwa na TP, yaani kazi za vitendo. Kwa malaria, mwanafunzi anaweka tone nene la damu kwenye kioo, analipaka rangi, halafu anatafuta vimelea kwa hadubini. Kipimo hiki watu wanakiita GE.

Kwa bakteria kuna rangi ya Gram, iliyovumbuliwa mwaka 1884. Inazigawa mafungu mawili: zinazobaki zambarau na zinazoonekana waridi. Kisha zinaoteshwa kwenye joto la nyuzi karibu 37, siku moja ao zaidi. Umeme ukikatika muda mrefu, kazi inaweza kuharibika.

Mwisho ni antibiogramu: vikaratasi vyenye antibiotiki vinawekwa juu ya bakteria zilizooteshwa. Pale dawa inapofanya kazi, panabaki duara tupu kando ya kikaratasi.

Mtego wa Widal

Kipimo cha Widal, kilichoanza Ufaransa mwaka 1896, hakitafuti mikrobe ya tifoide yenyewe. Kinatafuta kinga ambayo mwili umetengeneza. Mtu aliyeugua zamani, ao mwenye malaria tu, anaweza kupata jibu la "positif" bila kuwa na tifoide. Muganga asiyejua hilo atamwandikia antibiotiki za bure, huku ugonjwa wenyewe ukiendelea. Na antibiotiki zikitumiwa ovyo, bakteria zinazizoea. Siku ya shida dawa haiponyeshi tena. Njia ya kuaminika zaidi ni kuotesha damu ya mgonjwa, hata kama jibu linachukua siku kadhaa.

Mgonjwa afanye nini?

- Aulize muganga: kipimo hiki kinatafuta nini?
- Asimeze antibiotiki za kujinunulia mbele ya damu kutolewa, kwani zinaweza kuficha mikrobe.
- Amwambie muganga dawa zote alizokwisha kumeza.
- Mtoto mwenye homa kali apelekwe hopitali bila kukawia.