Safura na Upungufu wa Damu kwa Watoto Wadogo

Fungueni madaftari yenu, na mwalimu wa darasa aandike neno moja ubaoni: SAFURA. Lisomeni pamoja, silabi kwa silabi: sa-fu-ra. Neno hili ni la zamani katika Kiswahili, nalo asili yake ni neno la Kiarabu la rangi ya manjano. Wazee wa pwani walilitumia kwa ugonjwa wa mtu aliyepauka, aliyevimba uso na miguu, mwenye kuhema akipanda kilima kidogo tu, na mara nyingi mwenye hamu ya kula udongo. Hawakuwa na darubini, lakini macho yao yaliona sawasawa. Leo twataka kueleza jinsi watu walivyotafuta asili ya ugonjwa huo, na kwa nini watoto wadogo wengi wa Tanzania bado wana upungufu wa damu.

Kwanza tuitazame damu yenyewe. Ndani yake zimo chembe ndogo sana nyekundu, ambazo hatuwezi kuziona kwa macho matupu. Wekundu wake unatokana na kitu kiitwacho himoglobini, na himoglobini haiwezi kutengenezwa bila madini ya chuma. Kazi yake ni kuchukua hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini kote. Mtoto mwenye himoglobini kidogo hulegea, hachezi kama wenzake, huugua upesi, na akili yake huchelewa kukua. Ukikigeuza kiganja chake utakiona cheupe. Ukivuta chini ukope wa jicho, ndani yake hukuti wekundu unaotakiwa.

Hospitalini hupima kwa tarakimu. Kwa miaka mingi ilihesabiwa kwamba mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 awe na gramu 11 za himoglobini katika kila desilita ya damu, yaani sehemu ya kumi ya lita. Mwaka 2024 Shirika la Afya la Dunia liliteremsha kipimo hicho kidogo kwa walio chini ya miaka 2, kikawa gramu 10.5. Katika hesabu iliyofanywa Tanzania mwaka 2004 na 2005, watoto 72 katika kila 100 walikuwa chini ya gramu 11. Miaka 11 baadaye, yaani 2015 na 2016, walikuwa 58 katika kila 100. Mwalimu aziandike tarakimu hizo mbili, 72 na 58. Hesabu imeshuka, lakini 58 ni zaidi ya nusu ya watoto wote.

Sasa tuanze safari ya kutafuta sababu. Mwaka 1838 katika mji wa Milan, Italia, daktari Angelo Dubini alipasua maiti ya mwanamke mkulima, akakuta ndani ya utumbo mnyoo mdogo, urefu wake kama sentimita moja. Aliandika habari zake mwaka 1843. Mnyoo huo una meno kinywani. Hung'ata ukuta wa utumbo na kunywa damu. Mmoja hunywa tone dogo tu kwa siku, lakini mtu aweza kuwa nao mamia. Baadaye kidogo huko Cairo, Misri, daktari Mjerumani Wilhelm Griesinger aliona kwamba ugonjwa wa kupauka uliowasumbua wakulima wa mto Nile uliletwa na mnyoo huo huo.

Watu wa Ulaya hawakujali sana mpaka ulipowafikia wenyewe. Kati ya 1872 na 1882 lilichimbwa handaki la gari la moshi chini ya mlima wa Gotthard, Uswisi. Mle ndani mlikuwa na joto na maji, wala hamkuwa na vyoo vya kufaa. Wachimbaji wengi walipauka na kudhoofika, na wengine walikufa. Mwaka 1880 Edoardo Perroncito alionyesha kwamba walijaa minyoo.

Lakini mnyoo huingiaje? Wengi walidhani huingia kwa maji ya kunywa. Jibu lilipatikana Cairo kwa bahati mbaya, au tuseme bahati njema. Arthur Looss alikuwa akifanya kazi na maji yenye watoto wa minyoo, akamwagikiwa mkononi. Ngozi ikawasha na kuwa nyekundu. Baada ya majuma kadhaa akakuta mayai ya minyoo katika choo chake mwenyewe. Basi ikajulikana kwamba mnyoo huu hupenya ngozi. Mtu akienda haja kichakani, mayai huanguliwa katika udongo wenye unyevu, na mtoto apitaye peku hupata minyoo kwa njia ya nyayo zake. Ndiyo sababu mabwana afya walihimiza sana vyoo vya shimo na viatu, nao walikuwa na haki.

Lakini hapa yafaa tusimame tufikiri. Mtoto wa miezi 8 hatembei peku shambani. Yumo mgongoni mwa mama yake. Hata hivyo watoto wa miezi 6 mpaka miaka 2 ndio walio na upungufu wa damu kuliko wote. Mnyoo peke yake hawezi kuleza jambo hili. Lazima kuna sababu nyingine, tena zaidi ya moja.

Sababu ya kwanza ni akiba. Mtoto huzaliwa na akiba ya chuma aliyopewa na mama tumboni, nayo humtosha kwa muda wa miezi 6 hivi. Mama akiwa na upungufu wa damu mwenyewe, au mtoto akizaliwa kabla ya wakati au akiwa mdogo sana, akiba hiyo ni haba. Hata kitovu kina habari yake: siku hizi wakunga hufundishwa kungoja dakika moja au zaidi kabla ya kukikata, ili damu iliyomo iendelee kumwingia mtoto. Jambo dogo, wala halina gharama.

Akiba ikiisha, chuma kitoke katika chakula. Twampa nini? Mara nyingi uji mweupe wa mahindi, na labda chai. Uji hushibisha, lakini chuma chake ni kidogo, na katika nafaka kuna kitu kinachokizuia kisiingie mwilini. Chai nayo hukizuia. Maziwa ya ng'ombe ni chakula kizuri, lakini chuma chake ni kidogo sana. Chuma kizuri kimo katika nyama, maini na dagaa waliosagwa. Maharage na mboga za majani vina chuma pia, na mtoto akila machungwa au maembe pamoja navyo, mwili hukipokea vizuri zaidi. Tena chuma si kitu pekee kinachotakiwa. Daktari mwanamke Mwingereza, Lucy Wills, alikwenda Bombay, India, mwaka 1928, akaona waja wazito maskini wenye upungufu wa damu wakipona kwa kula chachu. Kitu kilichowaponya kikajulikana baadaye kuwa ni foleti, ambayo imo kwa wingi katika mboga za majani.

Sababu nyingine ni malaria. Mwaka 1880 Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa aliyekuwa Algeria, aliona kijidudu cha malaria katika damu ya mgonjwa. Na mwaka 1897 Ronald Ross, huko India, akaonyesha kwamba mbu humbeba. Kijidudu huingia ndani ya chembe nyekundu, huzaliana mle, kisha huipasua. Mtoto akipata homa mara tatu au nne kwa mwaka, mwili wake hauwahi kujaza pengo. Iko pia selimundu, ugonjwa wa kurithi, ambao chembe zake hujikunja kama mundu. Mtoto aliyerithi kwa wazazi wote wawili huugua sana; aliyerithi kwa mzazi mmoja hupata kinga fulani ya malaria, kama Anthony Allison alivyoonyesha mwaka 1954 baada ya kupima damu za watu wa Afrika Mashariki.

Sasa twafika Pemba, na hapa nawaomba msikilize kwa makini. Kwa kuwa watoto wengi hawana chuma cha kutosha, ilionekana ni jambo jepesi: wapeni wote dawa ya chuma. Ndivyo mashirika makubwa ya afya yalivyoshauri mwaka 1998 kwa nchi zenye upungufu mwingi wa damu. Kuanzia mwaka 2002 wataalamu wakajaribu Pemba ili wajue dawa hiyo inaokoa maisha kiasi gani. Waliandikishwa watoto 24,076 wa umri wa mwezi 1 mpaka miezi 35. Wengine walipewa chuma na foleti kila siku, wengine kidonge kisicho na dawa. Agosti 2003 dawa ya chuma ilisimamishwa. Hesabu ilionyesha kwamba waliopewa chuma walikufa au kulazwa hospitali zaidi kuliko wenzao, kwa asilimia 12. Habari hizo zilichapwa mwaka 2006.

Kwa nini? Wakati ule malaria ilikuwa kali sana Pemba, na vijidudu navyo hutaka chuma ili vikue. Jaribio kama hilo lilifanywa Nepal, mahali pasipo malaria nyingi, na dhara kama la Pemba halikuonekana. Tena hapo hapo Pemba, katika kundi dogo la watoto waliopimwa damu na kutibiwa malaria upesi, wale waliokuwa na upungufu wa chuma walipata faida. Kwa maoni yangu, hakuna kisa kinachofundisha zaidi juu ya ugonjwa huu: dawa ilikuwa moja, lakini iliponya huku na kuumiza kule.

Mashauri yakabadilishwa. Mwaka 2016 Shirika la Afya la Dunia liliandika kwamba penye malaria, watoto wapewe chuma pamoja na kinga ya malaria, kupimwa na kutibiwa. Unguja na Pemba, tangu 2003, dawa mpya za mseto na vyandarua vilipunguza malaria sana. Basi ukimpeleka mwanao kliniki akaonekana ana upungufu wa damu, mwulize muuguzi: amepimwa malaria? Amepewa dawa ya minyoo, kama umri wake umefika? Dawa hii ya chuma ni ya siku ngapi? Usimnunulie chuma dukani bila kupimwa.

Juma lijalo tutasoma habari za kichocho. Mwalimu awape wanafunzi dakika 10 za kunakili maneno yaliyo ubaoni.