Sululu na Mitaro ya Wakulima

Leo tuzungumze juu ya sululu. Siyo ile ya kuchimbia, la! Ni yule ndege wa majimaji, mwenye mdomo mrefu kama sindano ya kushonea magunia, anayekurupuka miguuni pako ukipita bondeni. Wako wa aina nyingi. Nimtakaye leo ni yule mkubwa, anayetaga Ulaya kaskazini na mashariki, kisha huja Afrika kuikimbia baridi. Hata Tanzania hufika.

Mdomo wake ndio jembe lake. Huuchoma topeni, na ncha yake humpapasa nyungunyungu bila kumwona. Lakini ardhi ikikauka, basi tena, mdomo hauingii.

Zamani wakulima wa Denmark, Ujerumani na Poland walikuwa na mabonde ya nyasi yaliyofurika kila mwaka. Hawakuyalima. Walikata nyasi kwa mundu wa mpini mrefu, wakazikausha ziwe chakula cha ng'ombe wakati wa theluji. Sululu naye akataga humo humo mayai yake manne. Katika karne ya 19 yakaenea mabomba ya udongo wa kuchoma, yaliyofukiwa chini ya shamba ili kuondoa maji. Mavuno yaliongezeka, hilo tusilikatae. Mimi mwenyewe nimefundisha watu kuchimba mitaro mabondeni. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1900 sululu mkubwa alikuwa hatagi tena Denmark.

Sasa sikilizeni kisa cha bonde la mto Biebrza, huko Poland. Sehemu yake kubwa haikukaushwa, na watu waliendelea kukata nyasi kwa mkono. Baadaye kazi ile ikawashinda. Ilikuwa ngumu, na trekta nalo likiingia linazama. Wakaacha. Je, ndege akastarehe? Wapi! Vichaka na matete yaliota, na sululu hapendi kichaka, naye akapungua. Mwaka wa 1993 bonde likafanywa hifadhi ya taifa, na baadaye nyasi zikaanza kukatwa tena, safari hii kwa mashine zinazotembelea mikanda mipana zisizame.

Mwaka wa 2011 wataalamu wa Sweden walitangaza kwamba ndege hawa huruka kutoka kwao mpaka Afrika bila kutua, hata kilomita 6,800, kwa siku zisizozidi nne. Anayefika hivyo amekonda, na kitu cha kwanza anachotafuta ni tope laini.