Kopepodi: Wadudu wa bahari wanaolisha samaki wetu

KOPEPODI ni viumbe wadogo wa majini, wa ukoo mmoja na kaa na kamba. Wengi hawazidi milimita mbili kwa urefu, na mvuvi aweza kuteka makumi yao ndani ya ndoo asiwaone. Hata hivyo, ndio walio wengi zaidi miongoni mwa wanyama wadogo waeleao baharini, na ndio chakula cha makinda ya samaki wengi.

Wengi wao hula mimea midogo mno ieleayo majini. Kwa kuwa mimea hiyo huhitaji mwanga na rutuba, kopepodi hawatawanyiki sawasawa.

Utafiti katika hori ya Tudor, Mombasa, na ghuba ya Gazi, Kwale, umeonyesha kwamba kopepodi huwapita kwa wingi wanyama wengine waeleao. Katika maji hayo yenye mikoko hupatikana jamii ya Acartia, inayostahimili kupungua kwa chumvi mvua inyeshapo. Nje ya miamba ya matumbawe, idadi yao hupungua lakini aina zao huongezeka.

Majira nayo yana nguvu. Wakati wa masika, mito ya Tana na Sabaki humwaga tope na rutuba baharini. Kusi ivumapo, mkondo wa pwani hukimbia kwa kasi kuelekea kaskazini. Kaskazi ifikapo, kati ya Novemba na Machi, mkondo wa Somalia hugeuka, ukashuka kusini na kukutana na ule wa pwani yetu. Hapo maji baridi yenye rutuba hupanda kutoka kilindini kaskazini mwa pwani ya Kenya, na kuineemesha bahari ya huko.

Saa pia huamua. Aina nyingi huzama mchana kuwakwepa samaki, zikapanda usiku kujilisha. Mtafiti atupaye wavu adhuhuri pekee hupata picha pungufu.

Kwamba mtawanyiko huu waweza kubadilika ni jambo lililokwisha kuonekana kwingine. Kaskazini mashariki mwa Atlantiki, ambako meli za biashara zimekokota vyombo vya kunasia viumbe hawa tangu 1931, kopepodi wa maji ya joto walisogea kaskazini kwa takriban digrii 10 za latitudo kati ya 1960 na 1999. Katika Bahari ya Kaskazini, kupungua kwa Calanus finmarchicus, kopepodi wa maji baridi, kulihusishwa na uhaba wa makinda ya samaki aitwaye kodi.

Magharibi mwa Bahari Hindi nako joto limekuwa likipanda. Mwanadamu hawezi kuuamuru upepo wala mkondo, lakini ukataji wa mikoko na umwagaji wa majitaka katika mahori ni kazi ya mikono yake. Makinda yakikosa chakula humo, nyavu zitarudi tupu.